Kisu cha Kumi na Mbili

Kiswahili nilipewa pamoja na sare na buti,
maneno machache ya kuamrisha: chuchumaa, hesabu, kimya.
Kwetu Rubanda tunaoa na kuzika kwa Rukiga;
lugha hii niliitumia kwa wafungwa tu,
na sasa, baada ya kustaafu, kwa mikwinsi.

Jina la kienyeji mti huu hauna.
Jirani yangu Kyokusheka huuita mpea uliopotea njia.
Tunda lina manyoya kama kifaranga wa siku mbili;
uling'ate bichi, mdomo unakunjamana hadi masikioni.
Lakini mizizi! Ukiibebesha mpea
inabeba kama punda,
haiulizi mzigo ni wa nani.

Kazi inaanza hivi. Unaukata mti mama
karibu na ardhi, kimo cha kifundo cha mguu, bila huruma.
Unangoja. Machipukizi yakifika gotini
unayafukia udongo hadi kiunoni mwao,
tena mara ya pili mvua ikipita,
nayo, yakidhani yamezikwa, yanatoa mizizi.
Kisha unafukua, unakata, unahesabu.
Mwaka huu miche sitini na mitatu. Mitatu imeoza.

Huku juu hatuna kipupwe cha kuulaza mti,
ni ukungu tu unaopanda kutoka bondeni
na kukaa kwenye matuta hadi saa nne.
Mti wa ugenini unangoja usingizi usiokuja.
Basi tunaunyonyoa majani kwa mkono,
mimi na wajukuu, jani baada ya jani,
hadi ubaki mtupu na uamini kwamba ni usiku.
Zamani nilisema "Lala!" na bweni zima likalala.
Mti haujui cheo changu.

Aliyenifundisha ni Turyahebwa, namba mia nne na saba,
kwenye kitalu cha shamba la magereza.
Alifungwa kwa kesi ya ng'ombe, sikuuliza wa nani.
Asubuhi visu kumi na viwili vilitoka sandukuni,
jioni kumi na viwili vilirudi.
Alikata kikonyo mshazari, mkato mmoja,
akakata shina mshazari, akavikutanisha
ngozi kwa ngozi, kijani kwa kijani,
akafunga kwa utepe wa mpira wa baiskeli.
"Afande," alisema, "kidonda na kidonda
vikipishana kwa unywele, vyote viwili vinakauka."

Jioni moja visu vilikuwa kumi na kimoja.

Bweni halikula siku mbili.
Turyahebwa, kwa kuwa kitalu kilikuwa chake,
alifungiwa peke yake siku ishirini na moja,
na miezi aliyokuwa amepunguziwa ikarudishwa.
Siku ya tatu mvua ilinyesha. Nilivaa koti,
nikatia mkono mfukoni.
Utomvu ulikuwa umekauka kwenye makali.
Nilikichukua mwenyewe, kukata kamba, nikasahau.
Hadi mlango wa mkuu wa gereza ni hatua arobaini.
Nilizihesabu. Sikuzipiga.

Kisu hicho ndicho nilicho nacho hadi leo.

Mwezi uliopita alikuja, kichwa mvi tupu,
kununua miche kumi. Nilimtolea ishirini,
kumi akairudisha kwenye kivuli, mmoja mmoja.
Kisu kilikuwa juu ya meza,
na namba yake iliyochomwa kwenye mpini.
Alikiinua. Akajaribu makali kwenye ukucha wa gumba.
Akanitazama kwa muda wa chai kuchemka.

"Kimekuwa butu," akasema.

Akaomba jiwe. Akalitemea mate, akaketi.

Sijui alinoa kwa muda gani.
Jikoni wajukuu walikuwa na sufuria ya kwinsi,
maji, sukari, moto mdogo,
na harufu ilikuwa imetufikia uani.
Vipande vyeupe vilikuwa vimeanza kuwa vyekundu.